Siku Niliyokwambia Ufumbe Macho

Nasra mwanangu,

Mungu akutangulie kila utakapotia mguu. Nnakuandikia saa hii umekwenda Ruwi kununua viatu vya kazi, na babako yupo majlis anatazama mpira hata hajui nani anacheza na nani. Adhuhuri imeshapita, alasiri bado. Weye ukishaingia dukani hutoki upesi, kwa hivyo nadhani muda utanitosha.

Ya koti la baridi, ya dawa ya kifua, ya kutokunywa maji ya tangi, tumeshayasema mpaka ukanikasirikia, siyarudii. Ningekutumia sauti kwenye simu kama kawaida yangu. Lakini sauti yangu mie naijua, inajua kuomba. Ingeshaanza kukuomba kabla sijasema lolote, na leo sitaki kukuomba kitu. Kwenye karatasi ntasema nilichokifanya, na basi.

Nianze na jana, maana jana ndiyo iliyonikalisha chini.

Ami yako Seif alipoingia na mfuko wake wa halwa, sote tulishakaa mkekani, masinia ya pilau yameshawekwa, shangazi zako wanakutania kwamba huko jangwani utaolewa na bedu akupe ngamia kumi. Seif akavua viatu, akaja kukaa pale pale ulipokaa weye, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Ukainuka. Hukupaza sauti, weye hupazi sauti. Ukasema, "Ami, unisamehe. Mie sinia moja na weye sili. Nakwenda kulea watoto wa paa walioachwa na mama zao kwa sababu ya watu kama weye. Weye uliua mama na mtoto wake siku moja. Nikila na weye leo, kesho ntawatazama vipi?"

Shangazi yako mmoja akacheka ile cheko ya kutafuta njia ya kutokea. Babako akajikuna ndevu. Na mie nimeshika birika la maji, nimesimama, nasubiri nani atasema.

Seif ndiye aliyesema. "Sawa, binti wa kaka. Basi nipakulieni sahanini. Wali hauulizi unaliwa wapi."

Nikampakulia, nikamfuata garini. Alikuwa kakaa, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole. "Shemeji, chumvi leo iko sawa," akasema. Kisha akasema, "Na binti yako ana shabaha. Kapiga pale pale. Hiyo hakurithi kwa kaka."

Nikamwambia, "Seif, nyamaza."

"Miaka kumi na minane nimenyamaza, ntashindwa leo? Niletee achari."

Nikamletea achari. Nimemkosea mtu yule kiasi ambacho sijui nikupimie kwa kipimo gani, na jana nilichoweza kumfanyia ni kumletea achari ya ndimu.

Nasra, paa yule aliyemtia ami yako jela nilimpiga mie. Na mtoto wake nilitoa amri mie achinjwe. Seif alishika kisu tu, na hata hicho kisu hakutaka kukishika.

Soma mpaka mwisho. Bado halijafika lililo kubwa.

Babu yako, babangu, hukumuwahi. Alikuwa msasi, mwinda wanyama, huko shamba Unguja. Alikuwa na mbwa na nyavu, na watoto wake wote wanawake, basi akanichukua mie, niliyekuwa sitaki shule. Skuli nilifika darasa la nne nikaona yatosha, na hapana aliyenilazimisha, maana nilikuwa na faida zaidi msituni. Alinifunza kulala chini kama nguo iliyoanguka. Alinifunza upepo unatoka wapi kwa kutazama jani bila ya kugeuza shingo. Alinifunza kubana pua na kuita mpaka paa akatoka kichakani mwenyewe, anakuja kutazama nani yule. Nilikuwa hodari. Ndugu zangu walijua kusuka ukili na kupika, mie nilijua hayo.

Na wasasi walikuwa na miiko yao. Kuna mmoja babangu alikuwa akiusema mpaka wakati anapokwenda kuteka maji: msasi hamwiti mama kwa sauti ya mwanawe. Nyama iliyopatikana hivyo hailiwi, hutupiwa mbwa, na mbwa mwenyewe ukimtazama utaona anaila kwa shaka. Nakwambia hili ujue kwamba sikufanya kwa ujinga. Nilikuwa najua.

Nilipoolewa nikaletwa Maskati, hapana mtu aliyetaka niyajuayo. Tulikaa Ruwi, vyumba viwili, babako dereva wa mudir, mkurugenzi mmoja wizarani. Wifi zangu walizaliwa bara, wakaletwa huku wadogo, Kiarabu walikipata shuleni, mie changu cha madrasa. Nikisema neno wananirudishia kwa sauti yangu hiyo hiyo, wanacheka, kisha wananipa vyombo nioshe. Miaka. Weye unawajua sasa hivi ni wazee wanakubusu mashavu, lakini walikuwa wakali, na mie nilikuwa nimeingia nyumba ambayo hata paka akiniona anakwenda kukaa kwingine.

Mudir wa babako alikuwa mpenda nyama ya paa. Ghazali, wanavyomwita wenyewe. Alisema mababu zake walikuwa wakiwawekea wageni nyama hiyo, na yeye anataka kuwawekea wageni wake. Kuwinda kumeshapigwa marufuku zamani, na bunduki ikilia kwenye majabali inasikika mpaka kijiji cha tatu. Basi Seif, aliyekuwa kijana wa kutaka kumpendezesha kaka yake, akapata ule upinde. Si upinde wa kuvuta kwa mkono kama wa kwenye picha. Umelazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki. Unatia mguu mbele, unavuta ugwe kwa mikono miwili mpaka unakamata, unaweka mshale mfupi, unachungulia kwenye darubini ndogo, unafyatua kwa kidole. Mtu akisikia mlio wake atadhani umefunga mlango wa kabati.

Walikwenda kuujaribu Qantab, nyuma ya kijiji palipo na mawe, na mie nikachukuliwa nipike chai. Walisimamisha godoro kuukuu. Babako akapiga hewa. Seif akapiga jiwe, mshale ukavunjika. Nikasema, "Nipeni."

Babako akasema, "Weye utajikata vidole."

Seif akasema, "Mpe, kaka, tucheke."

Nikalala kifudifudi na abaya langu. Nikapiga katikati ya godoro. Nikapiga tena. Mara ya tatu babako akaenda mwenyewe kuuchomoa mshale, akarudi ananitazama kama aliyeoa mtu mwengine. Tangu nimetia mguu nchi hii, ile ndiyo mara ya kwanza watu kuninyamazia kwa sababu nimefanya kitu na wala si kwa sababu nimekosea.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wanaume waliendesha gari, mie nikapiga, na mudir akala akidhani dereva wake ana jicho. Nilipiga wanne kabla ya yule. Siwezi kukwambia kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa nafurahi, Nasra. Nikirudi nyumbani wifi zangu wakinipa vyombo vyao, naosha huku nacheka moyoni. Sina la kujitetea hapo. Ukiwa umedharauliwa sana halafu ukapata kitu kimoja unachokiweza, hutazami tena kinamuumiza nani.

Siku yenyewe ulikuwa na miaka sita.

Tulikwenda magari mawili, kwenye mabonde huko nyuma ya Qurayat, la Seif mbele, letu nyuma. Weye tulikuchukua kwa makusudi. Gari lenye mke na mtoto na kapu la chakula askari hawalisimamishi. Nakwambia hivyo hivyo lilivyokuwa. Ulikaa nyuma na mwanasesere wako asiye na mkono, unatuimbia, na sisi tunakutumia kama pazia.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Tukalala kwa jamaa mmoja wa babako huko huko. Siku ya pili mpaka jua la saa nne, hakuna. Mudir amepiga simu mara tatu, wageni wanafika kesho yake, na babako kila akipokea simu anasimama wima kama yule mtu anamuona. Nikatembea peke yangu kufuata kivuli. Chini ya msamri mmoja, mti wa miba, nikamuona mtoto wa paa kalala, kajikunja, masikio kayalaza. Paa ndivyo wanavyofanya, weye unajua kuliko mie sasa. Mama humficha mtoto, akaenda zake malishoni, na mtoto hatikisiki hata ukimkanyaga karibu.

Nilisimama pale muda mfupi tu. Ningetaka kukwambia nilifikiri sana. Nilifikiri kiasi cha mtu kufikiri atie chumvi au asitie.

Nikarudi garini nikakuchukua mkono, babako na Seif wakatufuata kwa mbali. Nikakwambia, "Njoo Nasra, nikuonyeshe kitu, lakini usipige kelele."

Nikakukalisha chini, nikakupakatisha yule mtoto wa paa. Uso wako siku ile sijauona tena, hata siku ya kupewa shahada. Ukamgusa pua. Ukaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, wetu?"

Nikasema, "Wa mamake. Tunamngojea mamake aje amchukue. Mfinye sikio kidogo."

"Ataumia."

"Haumii. Hivyo ndivyo anavyoitwa mamake."

Ukamfinya kidogo sana, hakulia. Nikakushika vidole vyako, nikavibana kwa vyangu. Akalia. Weye ukatoa mkono. "Mama, analia."

"Anaita. Mfinye tena, mamake yuko mbali hajasikia."

Ukamfinya, peke yako, kwa sababu ulitaka mamake asikie.

Mie nilikuwa nimeshalala na upinde nyuma ya jiwe, hatua kumi nyuma yako, upepo unanijia usoni. Akatokea juu ya kilima. Paa mkubwa hakaribii watu, weye unajua, akikuona nusu siku ya mbali anakuwa vumbi. Yule alikuja. Anasimama, anapiga mguu chini, anakuja tena. Nikakwambia kwa sauti ya chini, "Nasra, fumba macho sasa. Hesabu mpaka ishirini. Ukifumbua, mamake atakuwa ameshamchukua."

Ukafumba. Ukahesabu kwa Kiarabu, kama mlivyofunzwa chekechea, wahid, ithnen, thalatha. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, nikafyatua.

Nilikusudia bega. Pale pale nnapofyatua akamgeukia mtoto wake, mshale ukaingia tumboni. Akaruka, akaondoka nao. Weye ulikuwa umefika sita au saba. Babako alikuja kwa nyuma akamtoa mtoto mapajani mwako taratibu, na weye ukacheka, ukadhani ni mamake huyo anamchukua. Hukufumbua macho. Ulikuwa mtoto mtiifu, uliahidi ishirini ukahesabu ishirini.

Nyuma ya jiwe Seif akanipokelea upinde. "Na huyu?" akaniuliza, mtoto yuko mikononi mwa babako.

"Mchinje."

"Shemeji, huyu hata nyama hana."

"Akiachwa atalia mpaka watu waje. Mchinje upesi."

Seif alimtazama kaka yake. Babako akatazama gari. Basi akamchinja.

Ulipofumbua macho ukasema, "Mama, kamchukua." Nikasema, "Ndiyo, kamchukua." Babako akakupeleka garini akakupa biskuti.

Yule mama hatukumtafuta mbali. Mnyama aliyepigwa tumboni huweza kukutembeza kutwa, lakini yeye alizunguka jabali akarudi kule kule kwenye msamri. Tulimkuta kasimama, mshale unamtoka ubavuni, anatazama pale alipomwacha mwanawe. Hata hakujaribu kukimbia. Kwa kuwa alikuwa hai, Seif alimuwahi kumchinja, ikawa halali. Mie nilimshika miguu ya nyuma. Maziwa yakanimwagikia mkononi, ya moto. Nikajipangusa kwa mchanga.

Nyama tukaitia kwenye sanduku la barafu, gari la Seif, mama chini na mtoto juu yake. Upinde chini ya zulia. Njiani kabla ya kufika mjini kulikuwa na askari. Siku zote hawakuwa pale, siku ile walikuwepo. Sisi tulipofika, Seif yuko nje ya gari, mikono juu ya boneti, na askari kafungua sanduku. Babako hakupunguza mwendo wala hakuzidisha.

Weye ukasema, "Baba, ami Seif yule."

Babako akasema, "Tazama mbele."

Ukasema, "Mama, ami Seif."

Nikasema, "Siye."

Seif alituona. Aligeuza uso upande wa pili, ili askari wasitazame alikotazama yeye. Alisema yote yake, upinde wake, mkono wake, mtoto na mama. Mudir hakutajwa, babako hakutajwa. Mie ndio hata hapana ambaye angenifikiria. Alifungwa miezi mingi, akatolewa kazini, na wale watu wa Sib ambao alikuwa amemposa binti yao wakarejesha mahari. Hajaoa mpaka leo. Mudir, kwa woga wa kutajwa, akamtoa babako kwenye udereva akampa kiti cha ofisini Al Khuwair, na nyumba hii ikafuatia. Chumba unachofungia mabegi yako kimetoka huko.

Mie sikushika tena upinde. Lakini usifikiri nilitubu. Upinde walichukua askari. Ungebaki, sijui.

Weye ukabaki na hadithi yako. Mwaka ule ule ukachora skuli mtoto wa paa na mamake na jua lenye meno, mwalimu akaubandika mchoro ukutani. Ukawa unawahadithia watu: mamangu alinipa mtoto wa paa nimpakate, tukamrudishia mamake. Mie nakusikiliza, nakoroga chungu. Ulipofika kumi na mbili, watoto wa shangazi yako wakakwambia kwamba ami Seif alifungwa kwa kuua paa na mwanawe. Ukaja kunililia kifuani, "Mama, kumbe ami ni mtu mbaya." Nikasema binadamu hukosea. Ukaniuliza ilikuwa lini. Nikasema, "Zamani, weye hujazaliwa."

Umeishi na vipande viwili vya siku moja, na mie ndiye niliyekaa katikati nisiache vikutane. Kimoja umenipendea. Kimoja umemchukia Seif.

Mwezi uliopita ulirudi kwenye usaili, hujavua hata shela, ukanikumbatia jikoni. Ukasema wale wakubwa walikuuliza kwa nini unataka kazi hii, ukawaambia ya mtoto wa paa. "Nimewaambia mamangu ndiye aliyenifunza huruma." Nikakwambia nawe usinitie kwenye mambo ya watu wakubwa. Ukacheka. Mie nikageukia jiko, na jiko lilikuwa limezimwa.

Na wiki iliyopita ukanionyesha picha kwenye simu, waliyokutumia kutoka kituo cha paa unakokwenda, mshale mfupi uliotolewa kwenye mwili wa paa. Ukaniuliza, "Mama, mtu gani anafanya hivi?" Nikasema, "Wasio na dini." Hata sikufikiri. Ulimi wangu umeshazoea kunificha, hauningojei.

Sasa utaniuliza kwa nini leo, kwa nini siku moja kabla ya safari, na miaka yote hii nilikuwa wapi. Babako naye kaniuliza asubuhi, nilipomwambia.

"Mwache mtoto aende na kheri yake," akasema.

"Kheri gani?"

"Hiyo aliyonayo. Kwani inamdhuru nini?"

"Inamdhuru Seif."

Akachukua rimoti. Kisha akasema, "Naogopa asirudi."

Nikamwambia, "Na mie." Tukakaa. Hapo akafungua mpira.

Mie nilikuwa tayari kuendelea, nisikufiche hata hili. Jana usingemtoa Seif mkekani akala garini, pengine nisingeandika. Lakini kuna jingine. Huko unakokwenda utashika watoto wa paa kila siku ya Mungu. Siku moja utampiga mmoja sindano, utamshika vibaya, atalia. Ile sauti imo ndani yako, na vidole vyako vitaikumbuka kabla ya kichwa. Utajiuliza mama wa yule uliyempakata alifikaje karibu vile, na watu wamejaa. Utawauliza wenzako wa kazi jinsi majangili wanavyowinda, nao watakwambia, maana wanajua. Utakaa chini huko peke yako utayapanga mwenyewe, moja baada ya moja, weye una akili. Nilisema moyoni sitaki uyajue ukiwa peke yako. Kisha nikajiuliza vizuri. Labda nilichokuwa sitaki ni uyajue bila ya mimi kukwambia, unione mwizi na mwoga pia. Sijui ipi ndiyo kweli. Naona ya pili.

Wazazi wakiandika barua kama hii huwa wanatia nasaha. Mie nnayo moja tu, na nimeilipia kwa vitu visivyokuwa vyangu. Mtu akikwambia fumba macho, yafumbue. Khasa akiwa anakupenda. Asiyekupenda hana haja ya kukuficha, atafanya mbele yako. Mie nilikupenda siku ile kama nnavyokupenda leo, nilikuwa nimekupaka mafuta nywele asubuhi nikakufunga utepe, na bado nilivishika vidole vyako nikavibana. Vyote viwili vilitoka kwenye mikono hii hii.

Usivilaumu vidole vyako. Hilo ndilo ambalo nalikhofia zaidi, kwamba utajihesabu na weye umo. Ulikuwa unamwita mama wa mtu aje amchukue mwanawe. Kosa la kumngojea nyuma ya jiwe ni langu.

Ami yako hajui kama nnakuandikia. Ana duka lake la betri za gari Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi, unalijua, umekuwa ukivuka barabara usilipite. Sikwambii uende. Nakwambia tu kwamba huwa anafunga baada ya isha.

Nilifikiri kuitia barua hii begini, katikati ya nguo zako, uisome umeshafika huko na mie niko mbali. Nikaona hiyo ni ile ile tabia yangu, kulala pahala nisionekane nikampiga mtu. Naiweka juu ya mto wako sasa hivi. Ukirudi utaikuta, na mie ntakuwemo humu humu ndani. Ukitaka kunijia unitukane, njoo. Ukitaka kufunga mlango, funga, sitagonga.

Kesho gari la kazini linakuja baada ya alfajiri. Ntasimama mlangoni kama mama yeyote, na mkono ntakunyooshea, kwa sababu siwezi kujifanya sina. Ukitaka kuubusu, ubusu ukijua ulichokifanya. Ukitaka kunipita, nipite, sitamwambia mtu kwamba umekosa adabu.

Ila usiubusu kwa adabu tu, Nasra. Hiyo sitaiweza.

Mamako